Niende ashramu nikiwa Mkristo?

Swali: Nimestaafu ualimu, naishi Uyole, Mbeya. Binti yangu anataka kunipeleka ashramu ya yoga Rishikesh, India, nikapumzike. Mimi ni Mkristo. Je, nitalazimishwa kubadili dini?

Jibu: Hapana, Mwalimu. Ashramu kubwa za Rishikesh, kama ile ya Swami Sivananda iliyoanza miaka ya 1930, au Parmarth Niketan, hupokea watu wa dini zote. Lakini usiende ukidhani ni hoteli. Ni nyumba ya ibada ya Wahindu: watu huamka kabla ya kupambazuka, hukaa kimya kutafakari, kisha hunyoosha viungo polepole. Jioni huimba kando ya mto Ganges huku taa za samli zikizungushwa. Unaweza kukaa nyuma ukatazama kwa heshima. Kama hata hilo litakusumbua dhamiri, mwambie binti yako sasa, kabla hajakata tiketi.

Nyama, samaki, mayai na pombe havipo. Mara nyingi hata kitunguu hakitiwi. Wali, chapati na dengu havitakushinda, mtu wa maharage ya Uyole. Joto ndilo linalonitia wasiwasi: Mei na Juni hukaribia nyuzi 40, nawe umezoea baridi. Nenda Februari au Novemba. Magoti yakiuma, sema. Mwalimu mzuri wa yoga hatakulazimisha.

Kama unachotafuta ni utulivu wa sala tu, watawa wa Kikatoliki wa Wabenedikto wapo Peramiho tangu 1898. Unapita Makambako na Njombe hadi Songea, kisha Peramiho. Wasiliana nao kwanza, uulize nafasi ya kulala.