Mali Bila Daftari: Somo kwa Wakaaji wa Mitaa ya Zamani

Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya mitaa ya zamani ya Nairobi: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Ofafa Maringo, Jericho na mingineyo upande wa Eastlands. Wengi wenu mlizaliwa huko, na wengine mnaishi huko hadi leo. Sisi tunaofanya kazi ya jamii tumejifunza jambo moja: mtaa wa zamani una mali nyingi, lakini sehemu kubwa ya mali hiyo haijaandikwa popote. Na wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Somo hili ni la kikundi. Mtu mmoja asome kwa sauti, pole pole, kisha mjibu pamoja maswali yaliyo mwishoni.

1. MITAA HII ILIANZAJE

Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika akae mjini daima. Ilimtaka aje afanye kazi, na kazi ikiisha arudi kwao. Ndiyo sababu nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa chumba kimoja kimoja, na bomba na choo ni vya pamoja huko nje. Zilikusudiwa mwanamume peke yake. Mke na watoto wabaki nyumbani mashambani.

Pumwani, iliyoanza miaka ya 1920, ilikuwa tofauti kidogo. Huko watu walijijengea nyumba wenyewe kwenye ploti za baraza la mji, na kati ya wenye nyumba hao walikuwemo akina mama wengi. Mwaka wa 1939 kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa, na wenyeji wake wengi wakahamia Shauri Moyo. Kwa hivyo habari ya kubomolewa na kuhamishwa si ngeni kwetu. Babu zetu waliijua.

Kaloleni ilikuja miaka ya 1940, na huko ndiko nyumba zilijengwa kwa kufikiria familia. Ukumbi wake ulikuwa mahali pa mikutano mingi ya siasa kabla ya uhuru. Mitaa ya Ofafa inakumbuka jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953 wakati wa hali ya hatari.

Sasa tupime. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 ilikuta Nairobi ina watu kama 119,000. Ile ya 2019 ilikuta 4,397,073. Lakini chumba ni kile kile, na mahali pengi bomba ni lile lile.

2. MALI TULIYO NAYO

Mgeni akifika mtaa wa zamani huona rangi iliyobambuka na maji machafu yanayopita mlangoni. Hayo ni kweli, hatuyafichi. Lakini kuna mengine ambayo mgeni hawezi kuyaona kwa siku moja.

Mtu wa Maringo au Shauri Moyo anaweza kwenda kwa miguu hadi Gikomba, soko la Burma au Industrial Area. Nauli ya asubuhi na jioni inabaki mfukoni, nayo kwa mwezi si haba. Kodi ya nyumba za kaunti nayo iko chini kuliko ya ghorofa za watu binafsi.

Halafu kuna ujirani. Mama akichelewa sokoni, watoto wake watakula kwa jirani, na hakuna atakayeuliza ni wa kabila gani. Mtu akifariki, matanga huanza jioni ile ile: huyu anashika daftari la michango, yule anatafuta gari la kupeleka mwili nyumbani. Watu hawa hawakufundishwa na mtu. Ni kukaa pamoja miaka mingi tu.

Hata maarifa ya ufundi yapo. Tumeona zaidi ya mara moja fundi wa maji anakuja bila ramani, anazunguka na koleo, mwishoni anauliza, "Kuna mzee wa kitambo hapa?" Mzee anatoka na fimbo yake, anaonyesha: chimba hapa. Na bomba linapatikana.

Lakini tujiulize: mzee huyo akienda, ramani hiyo itabaki kwa nani?

3. PALE TUNAPOUMIA

Tuchukue mfano. Baba alipewa nyumba na baraza la jiji mwaka wa 1964. Akafa mwaka wa 1991. Mjane wake aliendelea kulipa kodi, baadaye mtoto akalipa, lakini risiti zinaendelea kutoka kwa jina la marehemu. Nyuma ya nyumba wamejenga vyumba viwili vya mabati na kupangisha, maana pensheni haikutosha. Wapangaji hao wamekaa miaka kumi na tano, wanalipa kwa mkono, bila karatasi yoyote. Hapo sasa kuna familia tatu, na jina moja, nalo ni la marehemu.

Jirani yeyote anaweza kukueleza nyumba hiyo ni ya nani na nani anakaa wapi. Lakini siku watu wa kuhesabu nyumba wakija, hawahesabu wanayoyajua majirani. Wanahesabu yaliyo kwenye faili.

Na siku hiyo si ndoto. Pangani nyumba 48 za zamani za kaunti zilishabomolewa, na maghorofa yakajengwa mahali pake. Mitaa mingine imo katika mpango wa kujengwa upya. Hatusemi kujenga upya ni kubaya. Nani hataki choo chake mwenyewe? Shida ni pale orodha inapoandikwa na wewe humo.

4. TUFANYE NINI

Kwanza, kusanyeni risiti. Hata za zamani, hata zilizoliwa na mende pembeni. Tengenezeni nakala, na ile halisi msimpe mtu yeyote aende nayo, hata akija na kitambulisho shingoni.

Pili, kama jina kwenye nyumba ni la marehemu, nendeni ofisi ya nyumba ya kaunti mkaulize utaratibu wa kubadilisha. Mchukue cheti cha kifo, vitambulisho na barua ya chifu. Msimpitie dalali anayesema anajua mtu huko ndani. Mkipokewa maombi, ombeni nakala yenye mhuri.

Tatu, kila laini ya nyumba iwe na daftari lake. Andikeni nyumba kwa nyumba: nani anakaa, tangu mwaka gani, wazee ni wangapi, watoto wa shule, walemavu. Ulizeni wazee mabomba yanapita wapi, mkachore. Kila ukurasa utiwe sahihi na majirani wawili. Daftari hili si hati ya kumiliki nyumba, tusidanganyane. Lakini ni ushahidi, na ushahidi ni bora kuliko kelele.

Nne, wapangaji wa mabati waandikwe pia. Hapa ndipo penye ubishi. Wenye nyumba wengine hutuambia, "Nikiwaandika, si nitaambiwa nilipangisha bila ruhusa?" Hofu hiyo tunaielewa. Ndiyo maana daftari linabaki kwenu, na kikundi ndicho kitakachoamua litaonyeshwa lini na kwa nani. Lakini kumbukeni, yule wa mabati naye ana watoto, na yeye ndiye wa kwanza kutupwa nje. Mlikula kodi yake miaka kumi na tano. Msimkane siku moja.

Tano, ulizeni kwa maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 43 kinataja haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiasi cha kuridhisha. Wapangaji wa nyumba za reli kule Muthurwa walikwenda mahakamani mwaka wa 2010 walipotakiwa kuhama, na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Walikwenda kama kikundi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika laini yenu, ni nyumba ngapi zina jina la mtu aliyekwisha kufa?
2. Ni mzee gani anayejua historia na mabomba ya mtaa wenu? Nani atamtembelea wiki hii akiwa na kalamu?
3. Wapangaji wa mabati wamo katika mikutano yenu? Kama hawamo, ni kwa nini?
4. Daftari la laini litawekwa kwa nani, na nakala kwa nani? Msiondoke kabla ya kukubaliana majina mawili.