Upweke wa chumba chenye watu sita

Shule za Uganda zilifungwa Machi 20, 2020, hata kabla mgonjwa wa kwanza wa korona hajapatikana nchini. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Katikati yake zilipita lokidauni mbili na kafyu ya karibu miaka miwili. Mshauri wa afya ya akili anajibu maswali kuhusu upweke wa kipindi hicho ambayo wakazi wa Kampala bado wanayauliza.

Swali: Daktari, Kampala tunaishi tumebanana. Huo upweke ulitoka wapi?

Jibu: Ulitoka humo humo kwenye kubanana. Chukua muzigo, chumba kimoja cha kupanga kule Bwaise au Katanga, wanalala watu sita. Baba wa humo ni mwendesha bodaboda. Kwenye steji yake ana mwenyekiti, ana watani, ana anaowadai na wanaomdai, na akiugua anachangiwa. Mwishoni mwa Machi 2020 akapigwa marufuku kubeba abiria, akaachiwa mizigo tu, mpaka Julai 27. Miezi minne anashinda ndani, watoto wanamtazama, mfukoni hamna kitu. Watu anao tele. Anaowakosa ni wale ambao mbele yao yeye huhesabika. Mkewe naye nigiina imevunjika, kile chama cha akina mama cha kutunzana kwa zamu. Wanaosema upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna familia kubwa, mimi huwauliza walikuwa wapi wakati ule.

Swali: Wachuuzi wa vyakula waliamriwa walale sokoni. Wao si walikuwa na wenzao?

Jibu: Walikuwa na wenzao na walikuwa na kazi, mambo mawili ambayo wengi waliyakosa. Lakini pale Nakasero mama alilala chini ya chandarua kando ya bidhaa zake, mwanawe kamwacha nyumbani. Huyu alijua anamkosa nani. Yule wa bodaboda ni mgumu zaidi kumtibu, maana mwenyewe anadhani kilichompotea ni fedha tu.

Swali: Simu haikusaidia?

Jibu: Ilisaidia waliokuwa na salio. Tusisahau kwamba tangu Julai 2018 hadi katikati ya 2021, aliyetaka WhatsApp alitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku, kabla hajanunua bando. Shilingi 200 ni kidogo mpaka uwe unasubiri unga na maharage ya serikali. Hata hivyo StrongMinds, shirika linalotibu sonona kwa vikundi nchini humu tangu 2013, lilihamishia vikundi vyake kwenye simu. Njia hiyo ina mizizi hapa hapa: utafiti uliofanyika vijijini Masaka na Rakai, ukachapishwa 2003, ulionyesha kwamba kikundi kinachoongozwa na mtu wa kawaida aliyefunzwa, si daktari, hupunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Simu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Ila mtu anayelia umsikie tu, usimwone, ni kazi ngumu.

Swali: Mama alizikwa Juni 2021 usafiri kati ya wilaya ukiwa umefungwa. Sikufika. Mpaka leo sijalia.

Jibu: Pole sana, dada. Matanga yana kazi yake: watu hulala kwa wafiwa, moto unawaka nje, na mazungumzo ya usiku ndiyo humfikisha mtu kwenye kilio. Vyote hivyo hukuvipata. Kama ninyi ni Baganda, mila imekuachia nafasi. Okwabya olumbe, shughuli ya kuhitimisha msiba na kumweka mrithi, si lazima ifuate mazishi papo hapo. Ziko familia zinazoifanya miaka baadaye. Waite ndugu, hata kama mama hakuacha mali. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kidonge chochote. Na usipolia hata siku hiyo, usijilaumu.

Swali: Nitajuaje kwamba si huzuni tu?

Jibu: Hesabu wiki mbili. Kama karibu kila siku hupati raha katika lolote, usingizi na hamu ya chakula vimeharibika, na kifo kinakujia mawazoni, tafuta msaada. Si wewe peke yako: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sonona na wasiwasi viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa korona. Najua Kampala jina la Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, ni tusi. Lakini hospitali hiyo ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Unaweza kwenda asubuhi ukarudi nyumbani jioni. Na mtu akikwambia anataka kujiua, usimhubirie. Ondoa dawa ya wadudu ndani, usimwache peke yake, mpeleke kwa mtaalamu.

Swali: Na ikitokea tena?

Jibu: Ilishatokea. Oktoba 2022 wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa sababu ya Ebola, hadi Desemba. Kamati za kukabiliana na majanga ya namna hii huwa na maofisa wa afya, polisi na mkuu wa wilaya. Mimi ningeongeza mwenyekiti wa steji na mama wa nigiina, tena wawe na orodha ya watu wao na salio la kuwapigia. Hao ndio wanaojua nani hajaonekana tangu juzi.