Ukuta wa Udongo na Makazi ya Mzee

Chemchem ni kata ya mji wa Tabora, na jina lake lataja maji yabubujikayo ardhini. Katika mkoa huu mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hadi Aprili hivi. Watu wa Unyanyembe walijenga kwa udongo tangu enzi za misafara. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872, lilikuwa la namna hiyo. Hata leo wako wazee waishio katika nyumba za matofali mabichi, yaani yaliyokaushwa kwa jua tu, na usiku mmoja wa mvua waweza kuwaacha bila makazi.

Kwa kweli ukuta hauanguki kwa usiku mmoja. Chembe za mfinyanzi zikiwa kavu hushikamana imara. Maji yakipenya kati yake, huziachanisha zikateleza. Maji hayo hupanda kutoka ardhini kupitia vinyweleo vya tofali, kama mafuta yapandavyo utambi wa taa. Matone ya paa nayo huulamba mguu wa ukuta mwaka hata mwaka, hata ukakonda, huku uzito wa juu ukibaki uleule. Mwenye nguvu hukandika upya kila kiangazi. Mkongwe asiye na msaidizi huacha, na hapo ndipo uzee uingiapo katika hesabu.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Tofali bichi lisimamishwe katika sinia yenye maji ya kina cha sentimeta 2, na wanafunzi wapime kila baada ya dakika 5 unyevu umefika wapi. La pili liwekwe juu ya jiwe gumu litokezalo juu ya maji. Ndiyo sababu ya kujenga msingi wa mawe ulioinuka, upenu mpana na mfereji. Saruji ya asilimia 5 hadi 8 ikichanganywa na udongo unaofaa huliongezea tofali ustahimilivu.

Nyumba ikisha kuanguka, la kwanza ni mahali pakavu pa kulala, kwani mwili wa mzee hauhifadhi joto vema. Yako makazi ya wazee ya serikali huko Ipuli, Tabora, nayo ni kimbilio la asiye na mtu. Lakini mwenye jamaa au majirani, kwa maoni yetu, asipelekwe mbali upesi. Mzee asiyeona vizuri hutembea gizani kwa kumbukumbu. Katika nyumba ngeni hujikwaa, na nyonga ikivunjika ni shida kuunga. Heri alale kwa jirani, huku ukuta ukijengwa katika kiwanja kilekile. Mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii waarifiwe siku hiyohiyo, ili mpaka usije ukagombewa, hasa kama mwenyewe ni mjane.

Ukaguzi ufanywe Septemba au Oktoba. Msumari ukizama kwa kusukumwa na kidole gumba karibu na ardhi, ukuta huo uegemezwe nguzo, na kitanda cha mzee kihamishwe upande mwingine kabla mvua haijaanza.