Joto Mahususi: Kwa Nini Nyumba ya Mji Mkongwe Haiwaki Mchana?

Joto mahususi (c) ni nishati inayopandisha jotoridi la kilo 1 ya kitu kwa 1 °C. Kwa maji ni jouli 4,200. Kwa mawe ya matumbawe chukua 900. Ukiipa kilo 1 ya kila kimoja jouli 12,600, maji yatapanda 3 °C tu, jiwe 14 °C.

Kwa hiyo jiwe hupata moto upesi. Mbona basi nyumba za mawe Unguja huwa na ubaridi mchana? Ukijibu "jiwe lina joto mahususi kubwa", alama imekwenda na maji. Rudi kwenye Q = mcθ, uitazame m. Ukuta wa mawe na chokaa una unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo tungamo lake ni kubwa mno. Hupokea joto jingi huku jotoridi likipanda kidogo. (Vichochoro vyembamba navyo huupa kivuli.) Bati ni jepesi: jua likitoka tu, linaunguza, likizama, limepoa. Ukuta huendelea kutoa joto hadi usiku.

Jaribu: ukuta wa kilo 1,000 umepoa kutoka 34 °C hadi 29 °C. Umetoa nishati kiasi gani?

Jibu: 1,000 × 900 × 5 = jouli 4,500,000.