Jina la Kundi la Lugha: Nani Ataliitika?



Kila muhula unapoanza, vikundi vipya vya kujifunza lugha huchipuka katika misikiti ya vyuo vyetu hapa Uganda. Kundi moja laweza kuwa na Mganda, Mnyankole, Mlugbara, Mnubi wa Bombo, Msomali na ndugu aliyetoka Rwanda, wote wamekuja kusoma Kiarabu na Kiswahili. Jambo la kwanza wanalotakiwa kukubaliana ni jina, na mara nyingi humalizwa kwa dakika tano baada ya swala ya Isha: wenye sauti kubwa hupendekeza, waliobaki hunyamaza. Baada ya mwezi baadhi ya walionyamaza hawaonekani tena, na wenzao husema masomo yamewashinda.

Ndugu zangu, katika somo hili nataka tuangalie namna ya kulipima jina kwa masikio ya kila aliyemo. Kamusi ya lugha moja haitoshi.

Chukua kundi linalosoma lugha mbili. Jina linalokuja haraka kinywani ni "Ndimi Mbili". Kwa Mnyankole linapendeza, maana kwao lugha ni endimi. Mnyarwanda anasema indimi, Mganda ennimi. Shina ni lile lile, wote wanajisikia nyumbani. Lakini mpe jina hilo Mswahili wa Mombasa. Kwake mtu wa ndimi mbili ni mnafiki, huyu anamwambia hivi na yule anamwambia vile. Kiarabu nacho kinamjua mtu huyo kwa sifa hiyo hiyo ya kuwa na ndimi mbili, na hadithi za Mtume (s.a.w.) zimemkemea vikali mwenye nyuso mbili. Hebu fikiria tangazo limebandikwa mlangoni mwa msikiti: "Ndimi Mbili wanakutana Jumamosi."

Ukiondoa "mbili", neno "Ndimi" peke yake halina ubaya. Tena kwa Kiswahili lina utamu wake, kwani ndimi ni pia "ni mimi", jibu la anayebisha hodi. Ila ni neno la Wabantu. Mwacholi husema leb, Msomali husema af, ambalo ni mdomo. Hao watalijifunza jina la kundi lao kama msamiati mwingine wa kukariri.

Neno "soma" ni hatari zaidi kwa sababu linaonekana salama kila upande. Kwa Kiswahili wasomi ni watu wenye elimu. Kwa Luganda okusoma ni kusoma kitabu na pia ni kusali. Katika Buganda ya karne ya 19 walioingia dini, Waislamu na baadaye Wakristo, waliitwa abasomi. Kwa hiyo Mganda anaposikia "Wasomi" hasikii majivuno anayoyasikia Mtanzania. Sasa mgeukie ndugu yetu wa Rwanda. Kwake gusoma ni kusoma, ni kupiga funda la kinywaji, na ni kubusu. Kundi la wavulana na wasichana wa Kiislamu lililojiita kwa wito wa "tusome" litamfanya ainamishe kichwa, na hatawaambia sababu.

Upande wa Kiarabu kuna mtego wa herufi. Vikundi vyetu hupenda "Qalbun Wahid", moyo mmoja. Maana yake ni njema, lakini lugha zetu nyingi hazina qaf. Likitamkwa kwa kaf, qalb huwa kalb, na mmejiita mbwa mmoja. Mwalimu wa Kiarabu atacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hatacheka.

Na tusidhani herufi ni mambo ya walimu tu. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba binti wa Umar (r.a.) aliitwa Asiya, na Mtume (s.a.w.) akambadilishia akamwita Jamila. Anayesoma kisa hicho kwa herufi za Kilatini hushangaa: mbona Asiya ni mke wa Firauni, mwanamke mwema? Jibu limo katika maandishi. Asiya wa Firauni huandikwa kwa alif na sin. Jina lililobadilishwa lilikuwa kwa ayn na sad, nalo maana yake ni mwenye kuasi. Kwa hiyo kabla hamjapitisha jina la Kiarabu, liandikeni kwa herufi zake.

Kuna jambo zito kuliko maana. Jina zuri kabisa laweza kugeuka ukuta. Muhajirina na Ansari ni majina yaliyosifiwa ndani ya Qur'ani. Hata hivyo Jabir (r.a.) amesimulia kwamba safari moja Muhajiri mmoja alimpiga Ansari, kila mmoja akapiga ukelele kuwaita wa upande wake kwa jina hilo tukufu, na Mtume (s.a.w.) akaukemea wito ule kuwa ni wa kijahilia. Majina hayakubadilika. Kilichoharibika ni matumizi yake.

Hapa Uganda ukuta huo unaweza kujengwa kwa Kiswahili chenyewe. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi, hasa Buganda, walikizoea kinywani mwa askari. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, lakini kumbukumbu haifutwi na kifungu cha sheria. Kundi likijiita "Kikosi cha Kiswahili", kijana aliyekulia Dar es Salaam atafikiria timu ya mpira. Mama wa mwenzake kule Luweero atafikiria kitu kingine, na atamuuliza mwanawe anakwenda wapi Jumamosi.

Mimi binafsi napenda "Daraja". Kwa Kiswahili ni kivuko cha kupita ng'ambo, na pia ni cheo. Kwa Kiarabu ni ngazi au cheo, na Msomali naye hulisikia hivyo katika darajo. Maana zinatofautiana lakini hazigombani, na mwanafunzi wa lugha anazihitaji zote. Wapo watakaotania kwamba mnatafuta daraja la kwanza la shahada; waacheni.

Mwingine ameniambia afadhali "Zaid", kwa ajili ya Zaid bin Thabit (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alimwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi naye akayamudu kwa muda usiozidi nusu mwezi. Ni jina la heshima, nami silipingi, ila litawatisha walio na mwaka wa pili kwenye alfabeti.

Mkutanapo, leteni majina matatu tu. Kila mtu alitamke kila moja, aseme linasikikaje nyumbani kwao, na aanze yule ambaye lugha yake ina msemaji mmoja chumbani. Dada zetu nao waulizwe kwa sauti, si kupitia karatasi iliyopitishwa nyuma ya pazia dakika ya mwisho. Jina litakalobaki bila kumwinamisha mtu kichwa, hata kama si tamu sana, lichukueni. Katibu aandike maana zake zote kwenye daftari, kwani muhula ujao atakuja mgeni mwenye lugha ambayo hamkuifikiria, naye aulizwe kabla hajaandikishwa.