Maradhi Yanayomnyang'anya Mtu Kusoma



Tumezoea kudhani kwamba aliyejua kusoma hawezi tena kupokonywa elimu hiyo. Lakini yapo maradhi ya ubongo, hasa kiharusi, ambayo yanaweza kumwondolea mtu kusoma kwa usiku mmoja, hali ya kuwa macho yake ni mazima.

Inakuwaje?
Jicho huona umbo la herufi tu. Kwa watu wengi, sehemu ya nyuma ya ubongo upande wa kushoto ndiyo inayolitambua umbo hilo kuwa neno. Mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka hapo, maandishi hubaki michoro isiyo na maana. Madaktari huiita hali hii aleksia. Mwaka 1892 daktari wa Ufaransa, Joseph Jules Dejerine, alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kuandika, lakini akashindwa kusoma alichokiandika mwenyewe.

Mfano
Howard Engel alikuwa mtunzi wa riwaya za upelelezi nchini Kanada. Asubuhi moja mwaka 2001 alichukua gazeti, akaona kama limeandikwa kwa lugha ngeni. Kumbe alipatwa na kiharusi. Hakukata tamaa. Alijifunza upya polepole, akichora kila herufi kwa kidole, kisha kwa ncha ya ulimi kinywani. Mwendo ule ukamtambulisha herufi ambayo jicho lilishindwa kuitambua. Mwaka 2005 alitoa riwaya nyingine. Alifariki mwaka 2019.

Tunajifunza nini?
1. Mzee wetu akishindwa kusoma ghafla, tusiseme ni miwani au uzee. Tumkimbize hospitali saa ile ile, hasa kama mdomo umepinda, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito.
2. Tusimcheke wala tusimfanye mtoto. Kilichopotea ni kusoma, si akili.
3. Ikiwa kumbukumbu na ulimi havikuguswa, sura alizozihifadhi bado anaweza kuzisoma kwa moyo. Tukae naye, atusikilize tunaposoma, naye atusahihishe.
4. Presha ndiyo sababu kubwa ya kiharusi. Wazazi wetu wapime, wapunguze chumvi na waache tumbaku.

Maswali
(a) Kwa nini miwani haimsaidii mwenye aleksia?
(b) Nyumbani kwenu, nani hajapima presha mwaka huu?