Kuboresha na Kujaribu Faili la Kujengea Kontena

Programu ya kompyuta haisimami peke yake. Hutegemea maktaba na zana zilizomo katika mashine ilimoandikwa. Ndiyo maana mara nyingi hutenda kazi barabara kwa mwandishi wake, lakini ikihamishiwa kwingine hukataa. Kontena ni njia ya kuifungasha programu pamoja na mahitaji yake. Mfumo wa Docker, uliotolewa hadharani mwaka 2013, hujenga taswira ya kontena kwa kufuata faili la maandishi liitwalo Dockerfile.

Tuzitazame amri tatu za faili hilo. FROM hutaja msingi. COPY hunakili mafaili. RUN hutekeleza kazi. COPY na RUN huacha kila moja tabaka lake juu ya msingi, na tabaka hilo huwekwa akiba ili litumike tena. Likibadilika tabaka moja, yote yaliyo juu yake hujengwa upya. Kutokana na kanuni hiyo twapata mambo mawili, na la tatu huambatana nayo:

1. Mpangilio. Nakili kwanza orodha ya maktaba, uzisakinishe, ndipo unakili programu yenyewe. Ukitanguliza programu, kusahihisha herufi moja tu kutakulazimu kusakinisha maktaba zote upya.

2. Siri. Neno la siri lililonakiliwa katika tabaka la chini haliondoki kwa kufutwa katika tabaka la juu. Huonekana limefutika, lakini yeyote aliyepewa taswira aweza kulifukua. Dawa ni kutoliingiza kabisa.

3. Toleo. Taja toleo la msingi. Usipolitaja, Docker huchukua lebo ya latest, ambayo kesho yaweza kuelekezwa kwenye toleo jingine.

Je, tutajuaje kwamba faili ni sahihi? Akiba yaweza kuficha kosa: maktaba iliyokwisha kuondolewa mtandaoni itaonekana ingalipo, kwa sababu tabaka la zamani lingali likitumika. Kwa hiyo jenga upya kwa chaguo la --no-cache. Kisha endesha kontena katika mashine nyingine, uipe programu swali ambalo jibu lake unalijua, ulinganishe. Taswira kujengeka si ushahidi kwamba programu inatenda kazi.

Zoezi: Faili moja lina hatua hizi: (a) FROM isiyotaja toleo; (b) COPY ya programu yote; (c) RUN ya kusakinisha maktaba. Eleza kasoro zake mbili, kisha andika mpangilio ulio bora.